Nyuso Sita za Marimari

Ami Bakari,

Nakupa kwanza salamu ile tunayowapa watu wa makaburini, kisha naomba unisikilize, maana leo nina la kusema na njia yenyewe si ndefu. Niko ndani ya treni. Nimepanda Hounslow, nitabadilisha Clapham Junction, kisha nishuke Thornton Heath kwa Raya. Binti yako hajui ninachokwenda kumwambia. Anadhani naenda kula. Tangu asubuhi yuko jikoni kwa ajili yangu, na ameshanipigia simu mara mbili kuuliza nimefika wapi.

Kesi ilikwisha juzi. Yule bwana wa koti la kijivu amepatikana na hatia, na zile nyuso sita zitarudi kwao Yemen. Jina lako limesafishwa mbele ya watu, Ami. Aliyelisafisha ni mimi. Ndiyo maana Raya anapika, ndiyo maana alinikumbatia pale nje ya mahakama akaniambia, "Baba angefurahi nawe, Zuhura." Nami nikasimama mikononi mwake kama gogo, kwa sababu kuna jambo moja ambalo sikulisema mahakamani. Hakuna aliyeniuliza.

Ngoja. Nikianzia hapo sitafika mwisho. Acha nianzie tulikoanzia.

Wakumbuka ulivyonijua? Nilikuwa kwenye chumba cha kulia pale ghala la mizigo tulikofanya kazi huku ugenini, kando ya uwanja wa ndege, nikizungumza na mama yangu Malindi kwa kadi ya simu, nikipiga kelele ili anisikie. Nilipomaliza ukaniuliza, "Mwanangu, wewe ni wa nani huko kwetu?" Mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na kizibao cha rangi ya chungwa, Mswahili wa Lamu, katikati ya watu waliokuwa wakila viazi vyao kimya. Tangu siku hiyo nikakuita Ami kama vile tumezaliwa nyumba moja, na wewe ukaniletea mahamri na mbaazi kwenye kopo la plastiki. Mimi nilikuwa karani, nikiingiza namba za mizigo kwenye kompyuta. Wewe ulikuwa fundi wa vilivyovunjika. Chochote kilichofika kimepasuka, Terry, msimamizi wetu, alisema kipelekwe kwa Bakari, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kufungua kitu, akakifunga tena, kikaonekana kama hakijaguswa.

Nilikuuliza umejifunza wapi mikono hiyo. Ukanisimulia kwa vipande, siku hii kidogo, siku ile kidogo, kila tulipokaa kula. Ulivyokuwa kijana wa kubeba makarai ya mchanga kwa wataalamu waliokuja kuchimba miji ya kale visiwani kwetu. Walivyokuona huna haraka, wakakupa mwiko na brashi. Na Profesa wao, mama mmoja wa makamo aliyevaa viatu vya kiume, alivyokuchukua msimu mmoja mpaka Yemen, ng'ambo ya Hadhramaut, ukingoni mwa lile jangwa kubwa, kwa sababu ulijua Kiarabu cha chuoni na ulijua kunyamaza.

"Nchi ya Sabaa," ulisema. "Ya Malkia Bilkisi aliyekwenda kwa Nabii Suleiman. Wenzetu Wakristo wanamwita Malkia wa Sheba."

Nikakuuliza kama mliliona kaburi lake. Ukacheka mpaka ukafuta macho. "Malkia hatukumwona, mwanangu. Tuliona watu."

Ukanieleza jinsi mchanga ulivyokuwa umefunika ukuta wa makaburi, na jinsi wiki ya tatu, upepo ulipotulia, brashi yako ilivyogusa kitu laini. Paji la uso kwanza. Kisha pua. Kisha jicho moja lenye jiwe la buluu ndani yake, na jingine tupu, limejaa mchanga. Uso wa mwanamke, wa marimari, umechongwa na mtu aliyemjua. Bedui mmoja aliyekuwa akichimba karibu nawe akasema, "Assalaam aleikum," kwa mzaha, halafu hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Ulitaka kumtoa palepale. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Lakini Profesa alikukataza. Siku mbili nzima mlipima, mkachora, mkapiga picha, mkaondoa mchanga kijiko kwa kijiko, na wewe umenuna. Siku ya pili jioni, chini ya kidevu chake, mkakuta kitezo kidogo cha jiwe, na ndani yake masizi ya ubani, tabaka juu ya tabaka. Profesa akakuita uyatazame. Akakwambia mtu alikuja pale kumfukizia, akarudi, akarudi tena, pengine miaka mingi.

"Ningemnyakua kwa dakika moja," uliniambia, "tusingejua kamwe kwamba walikuwa wakija kumzuru."

Sikukwambia wakati ule, Ami, lakini usiku nilipokuwa peke yangu chumbani niliwaza habari ya hao waliokuwa wakija.

Sasa kasha.

Lilifika asubuhi ya Jumatano, kutoka mji mmoja wa Ghuba, limevunjika pembe. Karatasi zilisema: mapambo ya bustani, ya jiwe, mapya. Terry akasema lifungwe upya, mwenyewe anakuja saa tisa kulichukua. Ukanipungia mkono kupitia kioo nije na kibao changu cha kuandikia, maana sheria ya pale ilitaka watu wawili kasha linapofunguliwa. Nikaja nikiwa natafuna chingamu. Hilo nalikumbuka, kwa sababu nilipoona ulichokitoa nilisahau kuendelea kuitafuna.

Ulimtoa wa kwanza kwa mikono miwili, ukamlaza juu ya blanketi. Ukamtoa wa pili. Wa tatu. Wote wamezungushiwa magazeti ya Kiarabu, ila wa nne, ambaye alikuwa amefungwa kwa fulana ya mtoto, ya manjano, ina bata kifuani. Sita kwa jumla. Wengine macho yapo, wengine hayapo. Ukainama kwa wa kwanza ukatia ncha ya kucha ndani ya sikio lake. Ikatoka na mchanga mwekundu, mlaini kama unga.

"Mapya," ulisema.

Kisha ukamgeuza. Shingoni alikuwa amekatwa kwa msumeno, na pale palipokatwa palikuwa peupe kama sukari. Nilikuona ukibadilika uso, Ami. Sijawahi kumwona mtu mzima akikasirika kimya namna ile. "Hawa hawakuchongwa kuuzwa," ulisema. "Hawa wametolewa juu ya watu wao. Mwaka huu. Pengine mwezi huu."

Ukamrudisha kila mmoja kama ulivyomkuta, gazeti lake kwa gazeti lake, fulana kwa wa nne. Ulipomaliza ukaniambia twende tukaseme forodhani.

Nami nikakwambia siwezi.

Ulijua kwa nini. Kibali changu cha kukaa nchi hii kilikuwa kimekwisha muda, nimeomba kipya, na ombi langu lilisimama juu ya barua ya mwajiri iliyotiwa saini na Terry. Watu wa uhamiaji wangeweza kumpigia simu siku yoyote kuuliza, huyu bado ni mfanyakazi wenu, ni mtu wa kuaminika? Nyumbani Malindi kulikuwa na mama na wadogo zangu wawili shuleni. Ningesema nini mbele ya Terry, kwamba mteja wake mkubwa ni mwizi wa makaburi?

Terry hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetaka siku iishe. Alinijia na fomu ya mzigo ulioharibika akaniwekea mezani. Swali la kwanza: yaliyomo yalionekana? Swali la pili: nani alikuwepo? "Jibu hapana, halafu andika fundi peke yake," akasema. "Wewe ulikuwa kwenye kompyuta, sivyo? Tia saini tu, Zu." Nikatia saini. Ulikuwa umesimama upande wa pili wa kioo. Uliiona kalamu yangu ikitembea.

Wakati wa mapumziko hukula. Ulitoka na kizibao chako mwilini, ukatembea kwa miguu kando ya barabara ile ya malori mpaka ofisi ya forodha. Ulirudi saa nane na nusu. Saa tisa kamili yule bwana akaja na gari lake, koti la kijivu, mtu wa sauti ya upole, akamuuliza Terry habari za watoto. Mimi nilikuwa dirishani. Kasha lilikuwa limeshanyanyuliwa, limeshaingizwa nusu garini, na hakuna mtu wa forodha aliyeonekana. Nilitazama saa. Nilitazama lango. Na nakuapia, Ami, sikujua ninaomba nini: waje, au wasije.

Walikuja. Gari mbili, bila kelele. Yule bwana hakuonyesha hata kushangaa.

Kilichofuata ndicho kilichokuua, hata kama daktari aliandika moyo. Bwana yule alisema hakujua chochote. Alisema ndani ya kasha kulikuwa na bahasha yenye maelezo yote, umri wa nyuso, zilikotoka na ruhusa ya serikali, na kwamba yule mzee aliyelifungua kasha peke yake ndiye aliyeipoteza, au aliyeichana kwa makusudi. Kampuni ikakusimamisha kazi. Ukaitwa kuandika maelezo, wakakuuliza kama kulikuwa na mwingine. Na wewe, uliyenifundisha kwamba kitu kisipoandikwa kilipokutwa kimepotea, ukaandika: "Nilikuwa peke yangu."

Tumefika Clapham Junction. Nabadilisha.

Nimepata kiti. Treni hii inatikisika, nisamehe mwandiko.

Nilikuja kwako wiki ile. Ulikuwa umekaa sebuleni kwa Raya, umevaa kikoi na sweta, wajukuu wakikupanda mabegani na kukusemesha Kiingereza, nawe ukiwajibu Kiswahili. Nilitaka kulia, ukanikataza kwa jicho, watoto wasione. Ukanisindikiza mpaka mlangoni. "Sikiliza, Zuhura," ulisema. "Karatasi zako zitatoka. Zikitoka, hakuna wa kukutisha tena. Siku hiyo nenda ukaseme ulichokiona. Si kabla. Nami nitangoja."

Ulingoja miezi mitano.

Nilikuwa nikija Jumapili moja baada ya nyingine. Nilikuona ukikonda. Ulizoea kuamka alfajiri kwenda kazini, na uliendelea kuamka alfajiri, ukavaa, ukakaa. Watu wa msikitini walikuwa wamesikia kwamba Bakari amesimamishwa kwa kupoteza karatasi za watu, na wapo waliokutolea salamu nusu. Na kila nilipokuja uliniuliza jambo moja tu, "Zimetoka?" Nikasema, "Bado, Ami." Na ilikuwa kweli. Kwa miezi mitano ilikuwa kweli.

Zilitoka Alhamisi.

Bahasha ya kahawia, pasipoti yangu ndani, muhuri ndani ya pasipoti. Nilikaa chini kwenye zulia la ukumbini nikaubusu ule muhuri. Nilimpigia mama. Nilimpigia kila mtu, Ami. Wewe sikukupigia. Nilijiambia, kesho. Ijumaa nikajiambia, nipumzike kidogo. Nilitaka mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja wa kutembea barabarani bila hofu, wa kulala, wa kumwona Terry asubuhi na kusema habari za kazi, kabla ya kuingia kwenye mahakama na mawakili na kuitwa mwongo. Niliona ni haki yangu. Nilisema, mzee amengoja miezi mitano, ataweza sita.

Jumamosi ukanipigia. Sauti yako ilikuwa ndogo, ukasema una mafua. Ukauliza, "Zimetoka?"

Nikasema, "Bado, Ami."

Ukasema, "Haya mwanangu. Mungu yupo."

Jumanne asubuhi Raya alikukuta umekaa kitandani, soksi moja umevaa, nyingine mkononi.

Sitakuandikia habari za mazishi, ulikuwepo. Siku ya tatu ya matanga nilikuwa nikiosha vyombo na Raya, akaniambia, "Baba alikuwa akikuombea karatasi zako kila sala. Mpaka ile alfajiri ya mwisho nilimsikia." Sahani ikaniponyoka. Akadhani ni majonzi, akanishika bega. Karatasi zilikuwa kwenye mkoba wangu, Ami. Mkoba ulikuwa umetundikwa kwenye mlango wa jiko, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama.

Baada ya wiki nikaenda kwa watu wa forodha nikaomba kuandika maelezo. Afisa aliyenipokea aliniuliza mara tatu kama naelewa kwamba ninajishitaki mwenyewe kwa ile fomu. Nikasema naelewa. Kampuni ikanifukuza siku ileile iliyopata habari. Terry hakunitazama nilipokuwa nikichukua vitu vyangu. Sasa nalea wazee huko Feltham, nawaosha, nawalisha, na wengine wananiuliza kila asubuhi mimi ni nani.

Kesi ilipofika nilisimama kizimbani mwa mashahidi mchana kutwa. Wakili wa yule bwana alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza. Akasoma maelezo yako, neno kwa neno, pamoja na saini yako ile ya herufi kubwa.

"Marehemu anasema alikuwa peke yake. Alidanganya?"

Nilimwona Raya kwenye viti vya nyuma na mtandio wake mweusi. Kukutetea nilipaswa kwanza kukuita mwongo mbele ya mwanao.

"Ndiyo," nikasema. "Kwa ajili yangu."

"Na wewe ulitia saini kwamba yaliyomo hayakuonekana, na kwamba hukuwepo. Ulidanganya?"

"Ndiyo."

"Basi kuna waongo wawili. Tumwamini yupi?"

Wale watu kumi na wawili wa baraza, wanaoamua kesi, wakanitazama wote pamoja. Nikasema sijui mtamwamini yupi, lakini naweza kuwaambia kilichokuwa ndani. Nikaanza kuwatoa mmoja mmoja kama ulivyowatoa wewe. Wa kwanza, mchanga mwekundu masikioni. Wa pili, pua imevunjika kitambo, si leo. Wa tatu, mwanamume mwenye ndevu. Wa nne amefungwa kwa fulana ya mtoto, ya manjano, ina bata. Hapo wakili wa serikali akanyanyua kichwa. Akaomba orodha iliyoandikwa na maafisa siku ile walipokamata kasha, ambayo mimi sikuwahi kuonyeshwa, wala haikuwa imesomwa pale mahakamani. Ikasomwa. Uso wa nne: fulana ya mtoto, manjano, picha ya bata. Ulikuwa umeirudisha mahali pake.

"Na bahasha?" wakili wa serikali akaniuliza.

"Hapakuwa na bahasha," nikasema. "Aliyefungua kasha lile alikuwa mtu ambaye hawezi kupoteza hata karatasi ya peremende."

Watu wakacheka kidogo. Raya alikuwa akilia.

Aliyefuata alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, mama mmoja, si yule Profesa wako. Akaeleza kwamba ni nyuso za makaburini, za watu wa zile falme za jangwani zilizouza ubani na manemane. Wakili alipotaja Malkia wa Sheba, waandishi wa magazeti wakainama kuandika. Yule mama akasema hapana, ni watu wa kawaida. Jaji akamuuliza kama zinaweza kurudishwa kwenye makaburi yao. Akasema zitarudi nchini kwao, lakini ni makaburi yapi, na ya nani, na nini kilikuwa kando yao, hatutajua tena. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Nikakikumbuka kile kitezo mlichokikuta chini ya kidevu cha yule mwanamke, nikatoka nje.

Jaji aliniambia kwamba ningeweza kusimama upande wa washitakiwa katika chumba kile, nisisahau. Sitasahau. Kampuni imemwandikia Raya barua ya mistari minne, ina neno "tunasikitika." Ameitia fremu.

Hayo ndiyo yanayojulikana na watu. La Jumamosi ile halijulikani. Hakuna mwanasheria aliyeuliza karatasi zangu zilitoka lini. Na Raya ananiita dada, na ananipikia.

Treni inapunguza mwendo. Nashuka.

*

Nimerudi Hounslow. Nimekaa jikoni, koti sijavua.

Nilimwambia. Sikuvua hata viatu. Watoto walikuwa mbele ya televisheni, nikawasalimu, wakanijibu "hi auntie," nikamwomba Raya tuingie chumbani. Nikamwambia, zilitoka Alhamisi. Baba yako alinipigia Jumamosi, akaniuliza, nikamwambia bado.

Alikaa kwenye kitanda, kitanda chako. Akawa akihesabu kwa vidole kama mtoto. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi.

"Nilikuwa hapa chumbani," akasema. "Nilimletea dawa ya kikohozi. Alipoweka simu chini alisema, 'Bado, maskini. Lakini sauti yake leo nyepesi.'"

Tukatazamana. Ulijua, Ami? Ulisikia kwenye sauti yangu kwamba mzigo umeshuka, ukaniachia mwezi wangu? Au ulifurahi tu kwamba mwanao wa Malindi anasikika vizuri? Nimekaa na swali hilo tangu saa kumi na moja. Sitapata jibu, na naona si haki yangu kulichagua lile linalonifaa.

Raya hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Angekufa akiwa amejua. Siku tatu, Zuhura. Angekaa siku tatu akijua kwamba unakwenda kumsemea." Kisha akasimama, akanifungulia mlango wa chumba, kisha mlango wa nje. "Nenda nyumbani. Usije mpaka nikuite."

Mtoto mdogo akauliza, mbona auntie haendi kula. Sikusikia alivyojibiwa.

Nilitembea mpaka stesheni. Sikuhisi nafuu, Ami, usidhani nilikwenda kutafuta nafuu nikaipata. Nilihisi baridi tu, na nilihisi kwamba sasa Raya analo lililo lake, ule ukweli.

Basi nakuaga. Sitampigia simu binti yako kujitetea, wala sitamtuma mtu aniombee kwake. Akiniita kesho, nitakuja. Akiniita nikiwa kikongwe, nitakuja. Asiponiita, nitaishi nalo. Na mtu yeyote anayenipenda akiniuliza jambo, nitamwambia la kweli siku hiyohiyo, hata kama ni la kunivunja, hata kama sauti yake ni ndogo na naona bado ana muda. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na sina nyingine ya kukupa.

Mungu akupanulie ulipolala, Ami Bakari. Ulikuwa na haki ya kujua, nami nilikunyima.

Wako,
Zuhura